Simu Ndani ya Kikombe

Mji wa Voi ulizaliwa na safari. Wasimulizi husema kwamba jina lake latokana na Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba aliyeongoza misafara baina ya bara na pwani. Na hata kama hikaya hiyo imetiwa chumvi, hapana shaka kwamba kilichoufanya mji ni reli, iliyopita hapa katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, ikazaa tawi la kwendea Taveta wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na sasa ina mdogo wake, ile reli pana iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Mtu akikaa hapa miaka mingi hujifunza kuwatambua wasafiri kwa mizigo yao. Mwanafunzi wa bweni humtambua kwa sanduku la bati, mchuuzi aliyetoka soko la Taveta kwa mikungu ya ndizi, na binti anayekwenda Uarabuni kwa begi moja jipya la magurudumu, jepesi kupita kiasi, ambalo nyuma yake huandamana watu wanane au tisa ilhali hakuna hata mmoja wao anayesafiri.

Nataka leo kuwazungumzia hao wanane au tisa.

Habari za wanaokwenda zimeandikwa sana, na ni haki ziandikwe: mabinti waliopokonywa pasipoti, walionyimwa ujira, waliorudishwa ndani ya majeneza. Lakini hao waliosimama pale stesheni, wakapunga mikono mpaka behewa la mwisho likapotea nyuma ya michongoma, walirudi nyumbani na kufanya nini? Wafilipino wamekuwa wakijiuliza swali hili kwa muda mrefu kuliko sisi, kwani serikali yao iliifanya kazi ya ng'ambo kuwa sehemu ya sheria za ajira tangu mwaka 1974, na mwaka 1988 rais wao, Corazon Aquino, aliwaambia watumishi wa nyumbani waliokuwa Hong Kong kwamba wao ni mashujaa wapya wa taifa. Ukiwauliza Wafilipino nguvu ya aila zilizotengana hutoka wapi, aghalabu watakujibu: kwa Mungu, kwa jamaa, na kwa simu. Ukiwauliza watu wa Wundanyi au Mwatate, utajibiwa yale yale. Jibu hilo ni sahihi, ila ni jibu la mlangoni, la kumpa mgeni. Mimi nimekaribishwa ndani mara kadhaa, nikaona kwamba huko jikoni kuna jambo jingine, la kale zaidi, ambalo watu hawalitaji kwa sababu hawadhani kuwa ni la kutajwa.

Kwanza nieleze kwa nini watu wanaondoka, na nitaeleza upesi, maana sababu ni wazi kama jua la Februari. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii ya Taita-Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo zilizotangazwa mwaka 1948. Mashamba ya mkonge na maranchi yamechukua fungu jingine. Na kilichobaki wamegawana watu na ndovu. Aliyezaliwa juu Dawida, katika Milima ya Taita, hurithi ngazi mbili tatu za shamba la mlimani, na ndugu zake wakiwa watano hurithi nusu ya hizo. Aliyezaliwa bondeni Sagalla hulima mahindi kisha hukesha akiyalinda, ijapokuwa huko wamepata dawa ya ajabu, ua wa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya, ambao ndovu akiugusa nyuki humtokea, na mkulima akapata usingizi na asali pamoja. Wazee kina Mengo Woresha walilia juu ya ardhi hii zamani, wakaunda chama chao cha Milima ya Taita, na serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku mwaka 1940. Ardhi haikurudi. Watu wakaendelea kushuka mlimani kutafuta mshahara.

Kushuka huko ndiko nataka tukutazame, kwa sababu wengi hudhani kwamba aila ya Kitaita iliyogawanyika ni zao la viza za Saudi Arabia. Sivyo. Babu zetu walishuka na vipande vyao, vile vitambulisho vya kikoloni, shingoni kwenda mashamba ya mkonge na bandari ya Mombasa, wakaishi vyumba vya kupanga, wakarudi mlimani kwa likizo wakiwa na sukari, viberiti na kitambaa cha kanga. Na nyuma yao walibaki wake zao, wakilima, wakizaa, wakisubiri. Wakasigau waliwahi kung'olewa wote kwa pamoja: mwaka 1915, Wajerumani walipouteka mlima wao, Waingereza waliwatuhumu kuwasaidia maadui, wakawahamishia Malindi, ambako wengi walikufa kwa maradhi na njaa, na waliosalia hawakurejea Kasigau ila mwaka 1936. Basi kuishi kwa nusu moyo hapa na nusu kule si jambo ambalo watu wa hapa walijifunza jana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa mila aitwaye Grace Harris aliishi Taita pamoja na mumewe Alfred, na mwaka 1957 akachapisha makala juu ya kitu ambacho bibi zetu walikiita saka. Mwanamke aliyeolewa, mzima wa afya, ghafula alishikwa na mtetemo wa mabega, kichwa kikaenda huku na huku, macho yakafumbwa, na mara nyingine akazirai. Kilichomshika hakikuwa jini wala shetani fulani wa mlimani. Yalikuwa mambo ya barabarani: sauti ya motokaa, king'ora cha gari la moshi, harufu ya sigara, mkwaruzo wa kiberiti. Katika baadhi ya sehemu takriban nusu ya wake walioolewa walikuwa wamepatwa nayo. Na tiba yake? Ngoma, iliyochezwa mbele ya watu, mwanamke amevaa kofia ya kiume na kushika bakora ya kijana, na mume akalazimika kumpatia kile ambacho nafsi yake ilikuwa ikikitamani.

Wako wanaosoma habari hii wakacheka, na wako waliosoma wakasema ni ujinga wa zama zilizopita. Mimi sicheki. Tazama vilivyowatetemesha wanawake wale: ni vitu vile vile vilivyowachukua waume zao na kuwaleta tena na harufu ya mahali wasipopajua. Mke alilima shamba lisilo lake, kwa kuwa ardhi ilirithiwa na wanaume, fedha taslimu ilipita mikononi mwa mume, na adabu haikumruhusu kusema, "Umeniacha, nami nina wivu na hiyo Mombasa yako." Basi mwili ukasema, tena kwa ngoma, mbele ya majirani wote, na jamii badala ya kumfungia ndani ikamsikiliza. Sisemi kwamba saka ilikuwa neema. Ilikuwa ni mateso. Lakini ilikuwa mateso yenye mlango wa kutokea, na hilo si jambo dogo.

Leo mambo yamegeuka juu chini. Anayeshuka mlimani ni mke, ni binti, ni mama wa watoto wawili. Anakwenda Riyadh au Jeddah au Doha kwa mkataba wa miaka miwili, kuwa khadama katika nyumba ya watu, kwa mshahara ambao kwa kawaida huzunguka riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi. Anayebaki ni mume, au mama mzazi, au kaka. Mwanamume ndiye anayesimama kwa wakala wa M-Pesa siku ya mwisho wa mwezi, ndiye anayekwenda mkutano wa wazazi shuleni, ndiye anayeponda kimanga jioni huku mtoto mdogo akimwambia kwamba cha mama kilikuwa laini zaidi. Vijana wa stendi wana maneno yao juu ya wanaume hawa, na siyaandiki hapa. Niseme tu kwamba nimewaona waume wawili watatu wakilewa mshahara wa wake zao, na nimewaona wengine, ambao hawaandikwi popote, wakijifunza kusuka nywele za binti zao Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, vidole vikiwa vigumu kama vya mtu anayefunga kamba ya ng'ombe.

Sasa niliingie lile jambo la jikoni.

Wadawida wa zamani walishika itikadi kwamba hasira iliyofichwa moyoni huwadhuru jamaa za mwenye nayo, hata kama mwenyewe hakukusudia, hata kama hajui kwamba anayo. Mtoto akiugua, shamba likikataa, ng'ombe akiharibu mimba, mwaguzi aliulizwa: ni nani mwenye hasira? Ikibainika kwamba ni baba mdogo ambaye alinyimwa fungu lake la nyama kwenye arusi, au ni bibi ambaye hakusalimiwa, basi huyo aliitwa, akasema kilichomuuma, kisha akachukua funda la mbangara, yaani pombe ya miwa, au la maji matupu, akalipuliza nje kama mnyunyizo wa mvua huku akitamka kwamba hasira imetoka na amani iingie. Tendo hilo huitwa kutasa. Harris aliliona kuwa ndilo kiini cha dini yote ya Wataita, hata kitabu alichokitoa mwaka 1978 akakipa anwani yenye maana ya kuitoa hasira nje. Angalia ulivyo mpango huu: anayeombwa afanye jambo si mgonjwa, wala si aliyekosa peke yake, bali ni mwenye kinyongo, na haambiwi avumilie, anaambiwa aseme, kisha ateme.

Wamisionari walipokuja, Waanglikana wa CMS Sagalla mwaka 1883 na Wakatoliki Bura mwaka 1892, waliyaona hayo kuwa ni ushenzi, na watu wengi wakayaacha. Nami nilidhani yamekwisha kabisa, mpaka siku moja juu ya Wundanyi, katika aila moja ninayoijua kwa sababu shamba lao limepakana na la shangazi yangu. Majina yao siyataji, wala hawakuniomba nisiyataje. Ni adabu tu.

Binti wa nyumba hiyo alikuwa Riyadh mwaka wa pili. Watoto wake wawili aliwaacha kwa mama yake, bibi mcha Mungu, mwanachama wa Umoja wa Kina Mama wa kanisa la Anglikana tangu ujana. Kila mwezi alituma ada ya shule na masurufu, na juu yake alikuwa akituma kidogo kidogo fedha za mabati, kwani alikuwa akijenga nyumba ya vyumba vitatu ambayo kaka yake ndiye msimamizi. Kaka alikuwa na pikipiki. Pikipiki ikavunjika injini. Fedha za mabati zikaingia kwenye injini. Hakuiba, alisema, alikopa. Lakini hakumwambia mtu. Binti alikuja kujua kwa picha, iliyopigwa na binamu siku ya ubatizo na kutumwa bila nia mbaya, ambayo nyuma ya watu waliotabasamu ilionyesha kuta zake zimesimama bila paa na majani yakiota ndani ya sebule.

Hakutukana wala hakupiga simu kugomba. Alinyamaza. Fedha za ada zilikuja tarehe ile ile, sauti haikuja. Na wiki nne zilipita hivyo. Katika wiki hizo mtoto wake mdogo aliugua homa, akapelekwa zahanati, akapewa dawa, akapata nafuu polepole. Siku ile nilikuwa nimekwenda kuwapa pole. Bibi alimfunika mjukuu wake, akatoka nje, akamtazama mwanawe wa kiume, akasema, "Dawa imefanya kazi yake. Sasa na sisi tufanye yetu."

Saa za Riyadh na saa za Wundanyi ni zile zile, na hiyo ni rehema ambayo Wafilipino hawanayo. Usiku wa Jumapili, saa nne, binti alipokwisha osha vyombo vya waajiri wake, simu ilipigwa, ikapokewa. Bibi aliitia ile simu ndani ya kikombe cha bati ili sauti ivume na kila mtu aisikie, akakiweka kikombe juu ya kigoda katikati yetu, mahali ambapo mtu angeketi. Kisha akamwambia mwanawe aseme. Kaka akasema habari ya injini, yote, pamoja na kiasi cha fedha, akalia kidogo. Kikombe kikakaa kimya. Halafu kikaanza kusema, na kiliyoyasema hayakuwa ya mabati tu: kwamba mtoto wake mdogo anamwita bibi "mama" na yeye anamwita kwa jina lake, kwamba anaamka saa kumi na moja alfajiri, kwamba kila anayempigia simu kutoka nyumbani huanza kwa salamu ndefu na yeye huwa ameshaijua shida kabla ya salamu kwisha, kwamba yeye si benki. Alisema kwa muda mrefu. Hakuna aliyemkatiza, na nilipotaka kuinuka, maana niliona nasikia ya watu, Bibi alinishika mkono. "Kaa, mwanangu," akaninong'oneza. "Lazima awepo wa nje."

Alipokwisha, Bibi alichota maji ya tangini, maji matupu kwa kuwa mbangara hanywi wala haiingizi nyumbani mwake, akampa mwanawe funda, naye akalipuliza mlangoni, akatamka maneno kwa Kidawida. Kisha Bibi akakiinamia kile kikombe cha bati akauliza, "Na wewe huko, una maji?" Binti akasema yuko bafuni, kajifungia. Tukasikia bomba likifunguliwa, kimya kidogo, halafu mnyunyizo wa maji ukigonga vigae vya nyumba ya watu, umbali wa bahari moja na jangwa moja. Bibi akafunga kwa sala ya kanisa. Sikuona kwamba alihisi kuna mgongano wowote baina ya sala na maji yale, na mimi sikuwa na haja ya kumuuliza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa sikio jingine, na nimegundua kwamba aila zinazodumu kila moja ina njia yake ya kufanya jambo hili, ijapokuwa si zote zinazotumia maji. Nyingine huanza simu ya Jumapili kwa lawama na kumalizia kwa habari, kinyume cha adabu ya kawaida. Nyingine zina mtu mmoja, aghalabu dada au shangazi asiyeolewa, ambaye ndiye mjuzi wa habari za kweli. Maana inajulikana kwamba baina ya mama na binti aliye ghaibu kuna uongo wa huruma pande zote mbili: binti hasemi kwamba alinyimwa simu wiki mbili, mama hasemi kwamba presha imepanda tena, na kama hapana mtu wa tatu anayepokea ukweli wa huku na ukweli wa kule akaubeba bila kuumwaga, uongo huo wa huruma huoza. Nimeijua aila moja ambayo mjuzi wao alifariki, nao kwa mwaka mzima wakawa wanapigiana simu kila siku na hawaambiani kitu.

Fedha nazo ni nguvu. Sikatai, na anayekataa ajaribu kulipa ada kwa sala. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kuzileta. Vyama vya akina mama navyo ni nguvu, kwa kuwa fedha iliyoingia kwenye chama ina macho ishirini ya kuilinda, ilhali iliyoingia kwenye simu ya kaka ina mawili, nayo yanatazama pikipiki. Lakini kuna sifa moja ambayo huimbwa sana kwenye mazishi na kwenye hotuba za wakubwa, nayo ni subira, na hapa nitaomba radhi ya wazee wangu. Subira ya kungoja mvua ni fadhila. Subira ya kumeza maneno miaka miwili, ili anayetuma asije akaudhika na anayetumiwa asije akaonekana mlafi, hiyo babu zetu wasingeiita fadhila, wangemwita mwaguzi.

Wala nisidai kwamba maji ya funda yana uwezo juu ya kila kitu. Hayamfiki mwajiri aliyeficha pasipoti, hayamfiki wakala aliyechukua fedha akazima simu, wala hayaubadili utaratibu wa kafala unaomfunga mfanyakazi kwa kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala 930 kwa pamoja, safari zikazuiwa, kisha zikafunguliwa tena. Na aliyekuwa na haja ya kwenda alikwenda wakati wa marufuku kwa njia za panya, na hao ndio walioteseka zaidi. Hayo yanataka sheria na ubalozi unaopokea simu usiku, na maji ya tangini hayawezi kushika nafasi yao.

Mabati yamekwisha ezekwa. Kaka aliyalipa kwa miezi saba, kwa safari za pikipiki baina ya Wundanyi na Mwatate, na binti akaongeza mkataba wa miaka miwili mingine, jambo ambalo mama yake hakulipenda na alimwambia hivyo, ndani ya kikombe, mbele ya watu. Nilipita huko mwezi uliopita nikamkuta Bibi akipukuchua mahindi kivulini. Alinikaribisha chai. Kile kikombe cha bati, cha buluu iliyopauka, kilikuwa juu ya kabati kimefunikwa kitambaa cha kufuma, na nilipokinyooshea mkono kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, akaniambia nikirudishe, akanitilia yangu katika bilauri.